Finding Me ya Viola Davis: kitabu kinachofaa kusikilizwa kuliko kusomwa

Kitabu cha Finding Me, ambamo mwigizaji wa Marekani Viola Davis anasimulia maisha yake, kilitoka Aprili 2022 katika matoleo mawili, la kuchapishwa na la kusikiliza. Ninalolitathmini hapa ni la kusikiliza, ambalo Davis amelisoma mwenyewe kwa zaidi ya saa 9 na ambalo lilimpatia tuzo ya Grammy Februari 2023. Kwa tuzo hiyo alikamilisha zile nne kubwa za burudani nchini mwake, yaani Emmy ya televisheni, Grammy ya muziki na rekodi za sauti, Oscar ya filamu na Tony ya jukwaani, akawa mwanamke mweusi wa tatu kuzipata zote baada ya Whoopi Goldberg na Jennifer Hudson. Kwa anayejiuliza kama kuna haja ya kulipia sauti ilhali maandishi yapo, jibu langu ni kwamba haja ipo, na sababu yake haihusiani sana na tuzo.

Watu mashuhuri wengi hukisoma kitabu chao kama watangazaji wa taarifa ya habari: matamshi safi, moyo haupo. Davis ni mtu wa jukwaani, aliyesomea uigizaji katika chuo cha Juilliard jijini New York na kushinda Tony mara mbili, mwaka 2001 na 2010, na anajua kwamba sentensi inaweza kubeba maana moja ikisomwa kimya na maana nyingine kabisa ikisemwa. Sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu ni tusi zito, lile alilopenda kulitamka akiwa na umri wa miaka minane. Kwenye karatasi linashtua tu. Likitoka katika sauti yake nzito ya mwanamke mtu mzima, linasikika kuwa ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo mtoto huyo aliyefukuzwa na wavulana kila siku baada ya shule kwa sababu ya weusi wake.

Sehemu ndefu zaidi ni ya utotoni katika mji mdogo wa Central Falls, jimbo la Rhode Island, ambako familia yake ilikuwa miongoni mwa familia chache za watu weusi. Njaa, baba mlevi aliyempiga mama, nyumba iliyojaa panya: yote yamesimuliwa bila kupakwa rangi. Kisa kimoja kinatosha kuonyesha namna anavyosimulia. Yeye na dada zake walitunga igizo fupi kwa ajili ya mashindano ya mjini kwao, wakashinda, na miongoni mwa zawadi walizopewa kulikuwa na gongo jekundu la plastiki la kuchezea besiboli. Gongo hilo wakalitumia kuulia panya. Davis anakisimulia kisa hiki kama jambo la kawaida la nyumbani, naye msikilizaji anacheka kabla hajatambua anachokichekea.

Ni katika nyumba hiyo hiyo ndipo televisheni inapoingia katika simulizi, na kwangu mimi hapa ndipo kitabu kinapoanza kusema jambo ambalo tawasifu nyingi za waigizaji hazisemi. Walikuwa na televisheni mbovu, na juu yake wameweka nyingine ndogo iliyofanya kazi. Katika hiyo ndogo alimwona Cicely Tyson akiigiza katika filamu ya televisheni ya mwaka 1974, The Autobiography of Miss Jane Pittman, mwanamke mweusi mwenye ngozi nyeusi kama yake akiwa ndiye mhusika mkuu. Hapo akaamua kazi yake itakuwa ipi. Miaka arobaini baadaye, katika tamthilia iliyompa umaarufu mkubwa zaidi, aliyeletwa kuigiza nafasi ya mama wa mhusika wake ni Cicely Tyson huyo huyo.

Kati ya tukio la kwanza na la pili kuna miaka mingi ya kazi ambayo watazamaji wengi hawaikumbuki, wala hawana lawama kwa kutoikumbuka. Davis alipita katika City of Angels ya mwaka 2000, Century City ya mwaka 2004 na Traveler ya mwaka 2007, tamthilia ambazo hazikudumu, na katikati yake akawa muuguzi, wakili, jaji, rafiki wa mhusika fulani. Anayezijua tamthilia za Marekani za kipindi hicho anazifahamu nafasi za namna hii: mwanamke mweusi mwenye cheo cha heshima anayeingia, anatoa taarifa inayohitajika ili hadithi isonge mbele, kisha anatoka. Hana nyumba, hana mume wala mpenzi, na hakuna anayeuliza alikolala jana. Davis analieleza jambo hili bila kujihurumia. Alikuwa na kodi ya kulipa na bima ya afya ya kuitafuta, na mwigizaji asiye na jina huchukua kinachopatikana. Hata mwaka 2009, alipoteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya Doubt ambamo anaonekana kwa takriban dakika nane tu, milango haikufunguka kwa kadiri ambayo mtu angetarajia.

Kisha ikaja tamthilia ile iliyompa umaarufu, How to Get Away with Murder ya kituo cha televisheni cha ABC, iliyoanza Septemba 2014, wakati Davis ana umri wa miaka 49. Mhusika wake, Annalise Keating, ni profesa wa sheria na wakili wa jinai, mwerevu, mkali, mlevi, mwongo, anayetamaniwa na wanaume na wanawake. Ukipima nafasi hiyo kwa vigezo vya televisheni ya wakati ule, utaona kwamba nafasi kama hiyo ilikuwa ya wanawake wembamba, vijana na weupe. Davis anasimulia kwamba rafiki yake aliwasikia waigizaji, wanaume kwa wanawake, wote weusi, wakisema kwamba yeye si mzuri wa sura kiasi cha kuimudu nafasi hiyo. Siku chache kabla ya sehemu ya kwanza kurushwa, gazeti la New York Times nalo lilichapisha makala iliyomweleza kuwa uzuri wake si ule uliozoeleka. Zamani maneno ya aina hiyo yalisemwa vyumbani, wakati wa usaili. Safari hii yalichapishwa mchana kweupe.

Jibu lake lilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Alikuwa amewaambia mapema watayarishaji kwamba hataichukua nafasi hiyo ikiwa Annalise hataruhusiwa kuvua wigi, na katika sehemu ya nne ya msimu wa kwanza akalivua. Anakaa mbele ya kioo, anatoa vito, anaondoa wigi, anabandua kope za bandia, anajifuta vipodozi, na uso unaobaki ni wa mwanamke aliyechoka. Ndipo anapomwuliza mume wake swali ambalo mtazamaji amekuwa akilisubiri. Nimeitazama tena baada ya kusikiliza kitabu, na kilichonigusa ni mwendo wa mikono yake. Hajikawizi wala hajionyeshi, anafanya kile ambacho mwanamke hufanya kila usiku. Davis, ambaye katika kitabu anasimulia pia jinsi nywele zake zilivyonyonyoka alipokuwa msichana wa miaka ya ishirini na kitu, anaufanya wakati huu uwe mzito zaidi kwa anayesikiliza, kwani wigi lile halikuwa la Annalise peke yake.

Lalamiko langu kubwa linaanzia hapo hapo. Miaka sita ya tamthilia yenye sehemu 90 imewekwa karibu na mwisho na kupitiwa upesi mno. Ningependa kusikia zaidi kuhusu mikataba, kuhusu saa za kazi za mwanamke anayebeba tamthilia nzima mabegani, na kuhusu namna msimu wao ulivyokuwa na sehemu 15 wakati tamthilia za vituo vikubwa zilizoea kuwa na takriban 22. Hayo ndiyo mambo yanayoamua kama mwigizaji wa kike ataweza kubaki kazini bila kuvunjika mwili, na si mambo ya sura tu. Hata kampuni ya utayarishaji ya JuVee, aliyoianzisha na mume wake Julius Tennon mwaka 2011 ili wasiendelee kusubiri kupewa nafasi na wengine, ilistahili sura yake yenyewe. Badala yake, baadhi ya kurasa za mwisho zinaegemea lugha ya kujiponya na kujikubali, ambayo imezoeleka sana katika vitabu vya aina hii na haina ukali wa kurasa za mwanzo.

Usiku wa tuzo za Emmy wa Septemba 2015, alipokuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia zisizo za vichekesho, aliyaanza maneno yake kwa kumnukuu Harriet Tubman, mwanamke mweusi wa karne ya 19 aliyewasaidia watumwa wa Marekani kutoroka, kisha akasema kwamba kinachowatenganisha wanawake wasio weupe na wengine wote ni fursa tu. Tuzo hizo zilikuwa zikitolewa tangu mwaka 1949. Wa pili, Zendaya, alipatikana mwaka 2020.

Upande wa bidhaa yenyewe hauna mengi ya kuhangaisha. Rekodi ni safi, haina muziki wa kujazia, na mwendo wa usomaji ni wa wastani, kwa hiyo hata msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kila siku ataufuata bila kupunguza kasi, isipokuwa pale anapoigiza mazungumzo ya hasira. Matusi hayakuchujwa, na zipo sehemu zinazohusu ukatili wa nyumbani na udhalilishaji wa kingono wa watoto, hivyo si kitabu cha kufungulia sebuleni watoto wakiwepo. Anayekitaka kwa ajili ya simulizi za nyuma ya kamera pekee huenda akaona muda wa utotoni ni mrefu. Huyo namshauri asiruke, kwa kuwa sehemu za televisheni hazieleweki bila yule mtoto. Kwa wanaofanya kazi ya uigizaji au wanaojiandaa kuifanya, hasa wasichana, ningekiweka mbele ya vitabu vingi vya mafunzo ya fani hiyo, kwa sababu mwandishi anataja waziwazi kodi, bima na nafasi za kuombaomba.