Laini ya Kuvukia Mpaka: Ununue Ipi Kabla ya Kufika Busia, Isebania au Dubai

Wafanyabiashara wa soko la Kibuye, Kisumu, wanaofuata mali Kampala wana lalamiko moja: mtu anavuka Busia usiku akiwa na kredo ya shilingi 1,000, hapigi simu hata moja, na kukicha anaikuta imeliwa. Wengine hata hawakuvuka. Walilala tu Busia upande wa Kenya, simu ikashika mnara wa Uganda.

Habari za kasi, 4G na 5G waachie wauzaji. Wewe mbane na swali moja: bando likiisha, nini kinafuata? Kuna laini ambazo bando likiisha intaneti inakatika, basi. Nyingine zinaendelea kimya kimya kukata kredo kwa bei ya nje ya bando. Tuseme bei hiyo ni shilingi 10 kwa MB: video ya MB 15 iliyojipakua yenyewe kwenye kundi la WhatsApp la harusi imekugharimu 150, na hujaifungua. Tena bando la kawaida ulilonunua Kisumu mara nyingi ni la minara ya Kenya tu. Likiwa hivyo, ukivuka halikusaidii, ingawa ukiangalia salio bado unaliona limekaa pale.

Kwa safari za mbali, Dubai au London, naweka mbele eSIM (laini isiyo na kadi, inayopakuliwa kwenye simu) ya Airalo, kampuni inayoziuza mtandaoni, na sifichi kwamba naipendelea. Unalipa kwanza, na GB zikiisha zimeisha. Haina kredo ya kunyonya. Bonyeza *#06#: ukiona namba ya EID, yaani namba ya utambulisho wa eSIM, simu yako inaikubali. Simu nyingi za bei nafuu hazina, na simu ya lipa mdogo mdogo huenda imefungwa isitumie laini ya kampuni nyingine, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa. Iweke ukiwa bado na Wi-Fi nyumbani, kwa sababu kuiweka kwenyewe kunahitaji intaneti. Vifurushi vyake vingi ni vya data tu, havina namba ya kupigiwa, lakini WhatsApp itabaki na namba yako ya Kenya.

Hapa ndipo watu wanapoungua. eSIM ya aina hii kwa kawaida haifanyi kazi mpaka uiwashie romingi ya data, yaani ruhusa ya kutumia intaneti kupitia mtandao wa kampuni nyingine ukiwa nje. Msafiri aliyeonywa aogope romingi anaizima kila mahali, anaona intaneti imegoma, kisha kwa haraka zake anaiwasha kwenye laini ya Kenya. Fanya kinyume: romingi iwashwe kwenye eSIM, izimwe kwenye laini ya Kenya. Halafu tafuta kwenye mipangilio kile kipengele kinachoruhusu data ihamie laini ya pili ya kwanza ikizorota, nacho ukizime. Kikibaki wazi na ile laini ya Kenya ina romingi, eSIM ikiteleza kidogo tu simu inarukia kredo yako bila kukuuliza. Usiitoe laini ya Kenya, maana ujumbe wa M-Pesa na namba za siri za benki zinaingia huko, na kupokea SMS kwa kawaida hakutozwi. Piga ##002# kabla ya kuondoka ili kufuta uelekezaji wa simu, la sivyo simu usiyopokea inaweza kurudishwa Kenya kwa gharama yako.

Kampala na Mwanza ni hesabu nyingine. Huko laini ya wenyeji inashinda kwa bei: MTN au Airtel Uganda, Vodacom ukivukia Sirari, upande wa Tanzania wa Isebania. Nunua duka la kampuni yenyewe na ubebe pasipoti kwa ajili ya usajili, hata kama mpakani ulipita na kitambulisho tu. Weka kredo inayotosha bando kamili, usizidishe hata shilingi. Ikisoma sufuri, hakuna cha kukatwa.

Bando la romingi la kampuni yako ya nyumbani ni chaguo la tatu, kwa safari ya siku moja au mbili. Wenye laini za kulipa mwisho wa mwezi waombe kikomo cha matumizi kabla ya safari, kwani rekodi za nje huweza kuchelewa kufika na bili ikaja imeshavimba.

Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha bei ya kupigiana simu, na kupokea kukawa bure. Vizuri. Lakini anayelia leo halii kwa maongezi, analia kwa data. Na muuza samaki wa Sio Port, mji wa Kenya ulio ziwani karibu na mpaka wa Uganda, amevuka nini, kama ni mnara wa jirani uliomfuata nyumbani? Kwa sasa dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao, kuzima uchaguzi wa kiotomatiki na kuchagua kampuni yake kwa mkono.

Laini zinazouzwa mkononi pale mpakani zikiwa tayari zimesajiliwa ziache. Zina jina la mtu mwingine. Siku ikifungwa, pesa ulizoweka humo utaambiwa mwenye kitambulisho ndiye azifuate.