Hadi diski (hard disk) ya kompyuta inagonga: ununue nini kwanza?

Mama mmoja mwenye stesheneri huku Ngamiani, Tanga, alinijia na laptopu kaifunga ndani ya kanga. "Fundi, humu mna mjusi." Nikatega sikio: ka, ka, ka, kimya. Ka, ka, ka, kimya.

"Mama, tuizime sasa hivi."

"Mwanangu, picha za pasipoti za watoto wa shule zote zimo humo, na hawajanilipa!"

Mlio ule ni wa kichwa cha kusomea kilicho ndani ya hadi diski. Kinatafuta njia yake juu ya sahani inayozunguka na kutunza kazi zako, kinakosa, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena, na kila jaribio laweza kukwaruza. Ndiyo maana orodha yangu ya kununua inaanza na kuokoa picha, haianzi na SSD (diski ya chipu tupu, bila sahani) kama wengi mnavyotarajia.

Ila usitoe hela kabla ya kujua nani anapiga kelele. Vumbi letu likichanganyika na hewa ya chumvi, feni nazo hulia. Mvumo unaopanda mashine ikipata joto, hiyo ni feni. Kwenye desktopu, skrubu iliyolegea hufanya boksi zima lingurume, kaza, yameisha. Chomoa diski, washa tena: kelele ikibaki, diski umeisingizia. Ikiwa ni yenyewe lakini bado inasomeka bila kugonga, weka CrystalDiskInfo, programu ya bure, utazame mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Namba zake zikipanda wiki hadi wiki, anza kuaga.

1. Hadi diski ya nje, ya kuchomeka kwa USB, TB 1 (kama GB 1,000). Hii kwanza, kwa sababu diski dukani zipo ila picha zako hazipo. Hamisha picha na hesabu zako. Windows utaiweka upya. Na hiyo ya nje ikianza kugonga siku ya kwanza, usilie bado. Mara nyingi umeme wa tundu la USB haujaitosha. Badili tundu, badili waya, tumia mfupi.

2. SSD ya SATA, inchi 2.5. Hii ndiyo ya kuweka ndani, palepale ilipokaa diski ya zamani ya laptopu. Haina kinachozunguka, kwa hiyo haina cha kugonga. Diski ya laptopu ya zamani husoma kama MB 100 kwa sekunde; hii hukaribia 550. Kwa kuandika barua GB 256 zinatosha, kwa stesheneri chukua 500. Nyingi zina unene wa milimita 7, na laptopu za zamani zina nafasi ya 9.5, kwa hiyo omba kile kifremu cha plastiki, la sivyo itacheza humo ndani. Jihadhari na feki: ukiuziwa "TB 2" kwa bei ya GB 256, umeuziwa kasha. Ijaze na H2testw, programu ya kupima kama ujazo ni wa kweli, usiku kucha kabla siku za kurudisha hazijaisha, na risiti usiitupe.

3. SSD ya NVMe, kijibamba cha kuchomeka kwenye ubao wa mashine. Ina kasi kuliko zote hapa, kama mashine yako ina sloti yake. Fungua mfuniko kwanza, maana ya M.2 SATA (kijibamba kama hicho, ila chenye kasi ya SATA) na ya NVMe zinafanana na watu hubeba isiyo yao.

4. Hadi diski mpya ya ndani. Kwa kamera za ulinzi au ghala la video kwenye desktopu, sawa. Kwenye laptopu inayopakiwa bodaboda kila siku, hapana.

5. Hadi diski ya mtumba. "Nzima hii, nimeiformati." Kuformati hakufuti saa ilizowaka. Saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa hata usiku mmoja. Siiuzi, na nikipewa bure naiwekea filamu tu.

Na ile dawa ya mtaani ya kuiweka diski inayogonga kwenye friza? Kwa unyevu wa Tanga, ukiitoa itatoka jasho kama chupa ya soda. Wala usiifungue: kichwa huelea juu ya sahani kwa nanomita chache, na chembe ya vumbi kwake ni jabali.

Mama tulimtolea picha zote, isipokuwa folda moja ya harusi, iliyokwama katikati mpaka diski ikanyamaza moja kwa moja. Sasa ana SSD ndani na ya nje kwenye mkoba. Ile mbovu hakuniachia. Aliizungushia kanga ileile akaondoka nayo.