Uzoefu wangu: Kuitazama Lassie Come Home pamoja na binti yangu

Niliitafuta filamu hii kwa ajili ya binti yangu wa miaka 9, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiniomba hadithi ya mtoto na mbwa, nami nilikuwa nimechoshwa na filamu ambamo mbwa huzungumza kama watu na kufanya mizaha. Lassie Come Home ni ya mwaka 1943, iliongozwa na Fred M. Wilcox kutokana na riwaya ya Eric Knight, na mbwa wake hatamki neno hata moja. Nilihofu kwamba ukongwe wake ungemchosha mtoto. Haukumchosha, ingawa nililazimika kumfasiria kwa kunong'ona, kwa kuwa nakala yetu ilikuwa ya Kiingereza kitupu.

Baba yake Joe Carraclough, mvulana mwenye mbwa aitwaye Lassie huko Yorkshire nchini Uingereza, amekosa kazi, na njia pekee iliyobaki ni kumuuza Lassie kwa kabaila mmoja tajiri. Lassie anatoroka tena na tena ili saa kumi alasiri awe mbele ya shule akimngoja Joe kama ilivyo desturi yake, na kila mara anarudishwa, hadi anapopelekwa mbali, Uskoti.

Kilichonishika zaidi ni yale yanayotokea ndani ya nyumba kabla ya safari kuanza. Baba, anayeigizwa na Donald Crisp, si katili, na mama, Elsa Lanchester, anajifanya mkali kwa sababu akilegea kidogo tu atalia mbele ya mwanawe. Wote wawili wanampenda mbwa, lakini wamekwisha kupokea fedha, na aliyeuzwa si wao tena. Hapo binti yangu aliuliza, "Mama, mbona wasimfiche tu?" Nilisimamisha filamu tukazungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na nakiri kwamba majibu yangu hayakumridhisha.

Sehemu ya kati yote ni ya safari, na Joe haonekani kwa muda mrefu. Wapo watakaoona huo ni upungufu katika filamu inayohusu mapenzi ya mtoto na mbwa wake. Mimi naona ndipo mapenzi hayo yanapothibitika, kwa maana kila tunapomwona Lassie tunajua anaelekea wapi. Anapookotwa na bibi na babu wawili wapweke, wanamuuguza, wanamlisha, wanampenda, naye hana sababu ya kuwakimbia; lakini kila siku ikikaribia saa kumi anakosa utulivu, hadi bibi anatambua kwamba mgeni wao yumo safarini na kwamba kumzuia ni kumwonea. Onyesho hilo halina makelele wala mbio, nami sijaona lililo bora zaidi katika filamu nzima.

Jambo lililotuchekesha baadaye ni kwamba Lassie, ambaye katika hadithi ni jike, aliigizwa na mbwa dume aliyeitwa Pal. Kwa Kiswahili changu cha kunong'ona, "anakimbia" na "amechoka" havikumfichulia binti yangu lolote kuhusu jinsia, kwa hiyo hakuwa na cha kushangaa.

Sina budi kuwatahadharisha wazazi wenye watoto wadogo. Lassie anapofuatana na mchuuzi msafiri, wanavamiwa na majambazi, na mbwa mdogo wa mchuuzi huyo anauawa. Binti yangu alijificha usoni kwa mto, na kwa mtoto wa miaka 5 nisingeionyesha sehemu hiyo. Muziki nao unatulazimisha tulie hata pale ambapo macho ya mbwa yangetosha. Elizabeth Taylor, nyota wa baadaye wa Hollywood aliyekuwa bado msichana mdogo, anaigiza mjukuu wa kabaila kwa muda mfupi tu, hivyo asiitafute mtu kwa sababu yake.

Filamu ni ya dakika 89, nasi kwa kusimamasimama tulitumia zaidi ya saa mbili. Mwisho wake siuelezi. Kesho yake binti yangu aliomba tuitazame tena, lakini hakuutaka mwisho. Alitaka pale bibi anapofungua mlango na kumwacha Lassie aende zake.