Kifuniko cha Bwawa Kilichoshonwa Kama Kofia: Tathmini Baada ya Masika Moja

Bwawa letu la kuogelea ni la fremu, la duara, lililosimamishwa juu ya ardhi nyuma ya nyumba huko Kigamboni kwa ajili ya wajukuu. Lina kipenyo cha mita 4.57 na kimo cha mita 1.22, na likijazwa ipasavyo hubeba takriban lita 16,800 za maji. Maji hayo tuliyanunua kwa maboza mawili, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilikuwa na sababu ya kuyatunza. Tathmini hii si ya bwawa lenyewe, bali ni ya kifuniko chake, ambacho nilikiagiza kwenye karakana moja ya maturubai na mahema jijini Dar es Salaam, kikaletwa mwishoni mwa Februari, na ambacho kimekwisha kupitia masika nzima na upepo wa kusi uliofuata.

Kabla ya hapo tulikuwa na kifuniko chepesi cha dukani, cha plastiki ya buluu, chenye kamba moja ya kupitisha ukingoni na vitundu vichache katikati. Vitundu hivyo vimewekwa ili maji ya mvua yasituame, na kwa kweli hayatuami: yanachuja polepole kuingia bwawani pamoja na majani ya mwembe, vumbi na kinyesi cha kunguru. Mvua inapozidi uwezo wa vitundu, mambo huwa mabaya zaidi. Uso wa bwawa la ukubwa huu ni mita za mraba 16.4, na mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu Dar es Salaam wakati wa masika, huangusha hapo kilo 820 za maji. Mzigo huo ukikusanyika katikati, unaivuta kamba kuelekea ndani, nayo kamba inavuta mabomba ya juu ya fremu, ambayo yalitengenezwa kuzuia maji yanayosukuma kwenda nje, si kuvutwa upande wa pili. Mvua za vuli zilipinda bomba letu moja, na nikaamua kwamba kifuniko cha pili sitakinunua rafuni.

Karakana ya kwanza niliyoitembelea ilinipa bei kabla ya kuuliza chochote zaidi ya kipenyo. Walichotaka kunikatia ni duara bapa la turubai lenye ringi ukingoni, yaani kifuniko kilekile cha dukani kwa kitambaa kizito zaidi, na kitambaa kizito kinachobonyea hubeba maji mengi kuliko chepesi. Katika karakana ya pili, ambayo ndiyo ninayoitathmini, fundi aliniuliza maji yanaishia sentimita ngapi chini ya ukingo, upepo unaingilia upande gani wa ua, na nani atakuwa akikivua kifuniko hicho kila siku. Kisha akachukua kofia yake ya viua kutoka kichwani, akaiweka mezani. "Mama," akasema, "ukitaka shuka, nitakukatia leo leo. Lakini bwawa hili linataka kofia." Alikuwa na maana kwamba kifuniko kiwe na vipande viwili: duara la juu na ukanda wa pembeni unaoshuka wima nje ya ukuta, kama kofia ilivyo, badala ya duara moja kubwa ambalo pembeni hujaa mikunjo inayokamata upepo.

Vipimo vilichukuliwa nyumbani, na hapa niliona umakini ambao sikuutarajia. Fundi hakuamini kipenyo kilichoandikwa kwenye boksi, bali alizungusha utepe nje ya fremu, akapata mita 14.36, na ndio uliokuwa msingi wa hesabu yake yote. Katikati alitaka kifuniko kiinuke sentimita 30 juu ya ukingo, ili kila mita moja ya turubai ishuke takriban sentimita 13 kuelekea nje. Sasa, duara bapa haliwezi kugeuka kuwa umbo la pia, lililochongoka katikati, bila kukatwa. Kutoka kileleni hadi ukingoni turubai linakuwa na mita 2.305, na duara la nusu kipenyo hicho lina mzunguko wa mita 14.48, kwa hiyo kuna sentimita 12 za ziada ambazo zisipoondolewa huwa mkunjo, na mkunjo huwa bakuli la maji. Alizikata kwa umbo la pembe, kutoka ukingoni hadi kileleni, akaziunganisha. Ni sentimita 12 tu, upana wa kiganja na kidogo, lakini ndizo zilizonifanya nimwamini.

Kinachoinua katikati ni tyubu mbili za magari, ya lori chini na ya gari dogo juu yake, zilizofungwa pamoja, zikavalishwa mfuko wa kitambaa ili valvu isikwaruze turubai, kisha zikashikizwa kwa kamba nne kwenye miguu ya fremu zisielee kwenda pembeni. Huko Amerika Kaskazini wenye mabwawa kama haya huweka mto wa hewa chini ya kifuniko wakati wa baridi, lakini kwa sababu tofauti kabisa: maji yao huganda, barafu hutanuka, na mto ule hubonyezwa badala ya kuta. Sisi barafu tunaijua kwenye friji tu, na kwetu tyubu ina kazi moja ya kuyaelekeza maji ya mvua nje. Kazi hiyo inaifanya vizuri, mradi ijazwe upepo kila baada ya wiki mbili hivi, jambo ambalo hakuna aliyeniambia na ambalo niligundua baada ya kukuta dimbwi dogo juu ya kifuniko asubuhi moja ya Aprili. Dimbwi hilo silichukulii kwa wepesi. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga kwenye maji machache yaliyotulia kama hayo, na kutoka yai hadi mbu mzima hakuhitaji zaidi ya wiki moja na siku chache katika joto letu. Aliyeishi Dar es Salaam wakati wa mlipuko wa mwaka 2014 au ule wa 2019 hahitaji kushawishiwa zaidi.

Kitambaa ni turubai la nguo ya poliesta iliyopakwa PVC pande zote mbili, la gramu 650 kwa mita ya mraba, kijivu cha kung'aa juu na cheusi chini. Rangi ilitufanya tubishane kidogo. Mimi nilitaka nyeupe ili maji yasichemke, naye akaniinulia sampuli nyeupe juani, nikaona vidole vyake upande wa pili. Mwanga unaopita ndio unaolisha mwani, na bwawa lililofunikwa kwa kitambaa kinachopitisha mwanga hugeuka kijani huku mwenyewe akidhani amelilinda. Weusi wa chini huzima mwanga huo, na kijivu cha juu hurudisha sehemu ya joto. Vipande vitatu vya duara viliunganishwa kwa hewa ya moto, vikipandana sentimita 4. Ukanda wa pembeni wenyewe umeshonwa kwa cherehani, mishono miwili, kwa sababu kuunganisha kwa moto kwenye mpindo ni kazi ngumu, na matundu ya sindano yanapitisha maji kidogo. Sikulalamika, kwa kuwa mshono huo uko nje ya ukuta, na maji yanayopenya hapo hudondoka chini, hayaingii bwawani.

Hata hivyo, maji yanayodondoka chini ni jambo ambalo mbunifu yeyote wa kifuniko cha aina hii anapaswa kulisema mapema. Mvua yote iliyokuwa ikiishia bwawani sasa huanguka kwa mviringo kwenye miguu ya fremu, na mchanga wa Kigamboni hauna ubishi na maji. Wiki ya pili ya masika mguu mmoja ulianza kuzama. Ilibidi tuweke vipande vya zege chini ya kila mguu, tuchimbe mtaro mdogo na kuujaza kokoto, na gharama hiyo haikuwamo katika makadirio.

Kuhusu upepo, nina furaha ya kusema kwamba ubunifu umefaulu. Ukanda wa pembeni una ringi 24, moja kila sentimita 60, na kila ringi inashikwa kwa kipande cha kamba ya mpira kinachoshuka wima hadi sehemu ya chini ya mguu, hivyo mvuto unaielekea ardhi na haubonyezi fremu kuelekea ndani. Juu ya ukanda unapita mkanda wa kufungia mizigo ya lori, wenye kikazio cha chuma, ambao unazuia kusi isipate pa kuingilia. Mkanda huo ukazwe kwa mkono mmoja tu, kwani ukiukaza kama unayefunga shehena ya saruji utaiharibu fremu.

Dosari kubwa ilikuwa kwenye ringi hizo. Tulikubaliana ziwe za shaba, zikaletwa za chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hewa ya bahari ilizifichua kabla ya miezi minne kwisha: michirizi ya kutu ilishuka kwenye turubai lote la pembeni. Karakana ilikiri kosa na kuzibadilisha bila malipo, ingawa kifuniko cha kilo zipatazo 14 ilinibidi nikipeleke mwenyewe na kukaa bila kifuniko kwa siku tano. Kwa yeyote atakayeagiza, nashauri aende na sumaku mfukoni, kwa maana shaba halisi haishikwi na sumaku. Isitoshe, kazi ilichelewa siku tisa, na kila nilipopiga simu nilijibiwa kwamba inamaliziwa jioni hiyo.

Manufaa nimeyapima kwa rula ukutani mwa bwawa. Lilipokuwa wazi, maji yalipungua takriban sentimita 4 kwa wiki isiyo na mvua, sawa na lita 650 hivi, na sasa hupungua kama nusu sentimita. Klorini nayo inadumu, kwa kuwa mionzi ya jua ndiyo huivunja haraka zaidi, na dawa niliyokuwa nikiiweka kila jioni sasa naiweka mara tatu kwa wiki. Siku ya kuweka dozi kubwa bwawa huachwa wazi kwa saa kadhaa, la sivyo mvuke wa dawa hukaa chini ya turubai na kulila. Upande wa pili ni joto. Mtungi hupoza maji kwa sababu unatoa jasho, na bwawa lililofunikwa halitoi jasho. Siku za jua kali maji huwa vuguvugu kupita kiasi, nasi hulifunua bwawa usiku lipoe, jambo linalopunguza akiba ile ya maji niliyoitaja.

Jambo moja nililikataa kabisa. Kwenye kadi ya karakana kifuniko hiki kinatajwa kuwa "kinga ya watoto", nami nikaomba maneno hayo yafutwe kwenye risiti yangu. Kifuniko cha usalama ni kitu kingine: kiwango cha Marekani cha ASTM F1346 kinadai kwamba kifuniko cha namna hiyo, kwa bwawa la upana unaozidi mita 2.4 hivi, kihimili kilo 220, uzito wa watu wazima wawili na mtoto mmoja, kisiache mwanya wa mtoto kupenya. Chetu hakikubuniwa hivyo. Mtoto akipanda juu yake atateleza kuelekea ukingoni au, tyubu zikiwa zimelegea, atazama huku turubai likimfunika, na hilo ni baya kuliko maji ya wazi yanayoonekana. Hata Ufaransa, ambako sheria ya mwaka 2003 inawalazimu wenye mabwawa ya kuchimbwa kuweka kinga, mabwawa ya juu ya ardhi hayamo katika sheria hiyo, kwa hiyo jukumu linabaki kwa mwenye nyumba. Sisi ngazi huondolewa na kufungiwa stoo kila mara, na kifuniko kinavuliwa chote kabla ya mtu yeyote kuingia majini, hakikunjwi nusu.

Nililipa shilingi 780,000 pamoja na kupimiwa na kufungiwa, zaidi ya mara tano ya bei ya kile cha dukani. Kwa ubunifu naipa karakana hii alama tisa kati ya kumi, kwa vifaa alama sita, na kwa kutunza ahadi ya siku alama nne. Nimekwisha kurudi kwao na ombi jingine: vishikio vinne kwenye ukingo, kwa sababu kilo 14 za turubai lililolowa, ambazo fundi na kijana wake walizinyanyua kwa urahisi, mimi na binti yangu huzivuta kwa kucha.