Fundi wa Kariakoo aliyepima draivu yangu ya DVD kabla ya kuniuzia nyingine

Mimi ni katibu wa kwaya hapa Morogoro, na kumbukumbu za kwaya zinakaa kwangu. Ni DVD 43 za mwaka 2005 hadi 2013. Kuna matamasha, kuna harusi tulizoimba, kuna safari ya Dodoma, na kuna mazoezi mawili ambayo marehemu mwalimu wetu anasikika akiwaelekeza watu wa sauti ya tatu. Nakala nyingine hakuna. Kompyuta yangu ya mezani ilipoanza kuzikataa, usingizi uliniruka.

Ilikuwa hivi: trei inafunguka vizuri, diski inaingia, inazunguka kwa kasi, inapungua, inazunguka tena, halafu kimya. Kwenye skrini naambiwa niweke diski, na diski imo ndani. CD za nyimbo, kwenye draivu hiyohiyo, yaani kile kifaa cha kusomea diski, zilipiga bila shida yoyote.

Fundi wa kwanza, wa hapa mjini, hakufungua hata skrubu moja. Alisema tatizo ni Windows, akapiga Windows upya kwa shilingi 20,000, akanitoa kwenye 7 akaniweka kwenye 10. DVD zikaendelea kugoma. Niliporudi akasema draivu imekufa, ninunue ya nje ya kuchomeka kwa USB, shilingi 85,000. Nilimuuliza amejuaje imekufa. Akasema zikishazeeka zinakufa. Jibu hilo sikulikubali.

Binti yangu anayeishi Ilala akanielekeza kwa fundi mmoja Kariakoo, kibanda cha ghorofani, ngazi nyembamba, ndani mnaenea watu watatu mkikaa vizuri. Nilipanda treni ya asubuhi na mashine yangu nimeifunga kwa kanga mbili. Natoa maelezo marefu hapa kwa sababu nimeona watu wengi wakitupa draivu na diski zao bila kupimwa.

Cha kwanza aliniuliza: “Mama, inakataa diski zote au baadhi?” Nikamwambia habari ya CD. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta, lakini hakusema kitu. Akachukua DVD zangu tatu akaziweka kwenye mashine yake. Zote zikafunguka. Namshukuru Mungu kwa dakika ile, maana nilijua sauti zetu bado zipo.

Akarudi kwenye mashine yangu. Aliiwasha akaingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, draivu ikaonekana kwa jina lake. Akaingia kwenye orodha ya vifaa ndani ya Windows, hakuna alama ya njano ya kuonyesha hitilafu. Akabadilisha waya wa data, akauhamishia tundu jingine kwenye bodi. Hali ikawa ileile. Hapo ndipo alipochukua bisibisi.

Ndani ya draivu kulikuwa na vumbi la miaka. Lenzi, kijicho kidogo kinachopanda na kushuka, kilikuwa na ukungu. Alikifuta kwa pamba ya masikio iliyoguswa spiriti safi, taratibu, akasubiri ikauke. DVD ya kwanza ikasoma! Nikainuka kwenye kiti. Akaniambia, “Subiri kwanza, mama, tuone inafika mwisho.” Akaanza kuinakili yote, na ilipofika kama theluthi mbili ikakwama.

Aliyonieleza baada ya hapo ndiyo yaliyonifanya niandike. Draivu ya aina hii ina leza mbili, yaani taa ndogo za mwanga wa kusomea diski: ya CD ina mawimbi ya nanomita 780, ya DVD ina nanomita 650. Alama za DVD ni ndogo zaidi na zimebanana, ndiyo maana CD inabeba megabaiti 700 na DVD ya kawaida gigabaiti 4.7. Leza moja inaweza kuchoka na nyingine ikabaki nzima. Kwa hiyo CD kupiga hakuthibitishi kwamba draivu ni nzima, na DVD kukataa hakuthibitishi kwamba diski zimeharibika. Akanieleza pia kwamba diski husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni. Anayejaribu dakika mbili za mwanzo hajajaribu kitu.

Nilimuuliza kama leza iliyochoka haiwezi kuongezwa nguvu. Akasema ipo skrubu ndogo ya kuiongezea, mafundi wengine huizungusha, draivu inafanya kazi muda mfupi kisha leza inaungua kabisa. “Kwa mtu mwenye kumbukumbu siifanyi hiyo.” Nilimheshimu sana kwa neno hilo.

Akanipa draivu iliyotumika, ya ukubwa uleule, shilingi 18,000, na ufundi 10,000. Kabla sijalipa aliinakili DVD yangu moja nzima mpaka mwisho, dakika kumi na kitu, mimi nikiangalia. Kisha nikataka kuicheza, na ikagoma! Moyo ulinidunda. Yeye akafungua folda ya diski, faili zote zikaonekana pale. Kumbe ile Windows 10 niliyowekewa Morogoro haiji na programu ya kuchezesha filamu za DVD, tofauti na ile 7 niliyokuwa nayo. Akaniwekea VLC, programu ya bure ya kuchezesha video, mambo yakaisha. Ningekuwa nimenunua ile ya 85,000 ningekutana na ukuta huohuo, na pengine ningeamini diski ndizo zimekufa na kuzitupa.

Kasoro zake nazitaja. Nilifika saa nne, nikahudumiwa saa saba kasoro, na hakuna pa kukaa ila stuli moja. Risiti mpaka uidai. Nilipoidai aliandika vizuri, na dhamana ya wiki mbili akaiandika nyuma yake. Kwenye kabati lake kuna draivu nyingi zisizo na alama ya ipi imepimwa na ipi bado, kwa hiyo ukienda, mwambie aijaribu mbele yako kwa diski yako mwenyewe, mpaka ukingoni. Atakubali. Kwangu hakununa hata kidogo.

Pia alinikemea kwa adabu kuhusu utunzaji. Nilikuwa nafuta diski kwa kuzungusha kitambaa, akanionyesha kufuta kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje, kwa sababu mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya data. Lebo za karatasi tulizobandika mwaka 2008 kwa ajili ya kupendezesha zilishaanza kubanduka kwa joto, na lebo iliyokaa upande inafanya diski iyumbe inapozunguka kwa kasi. Akanizuia kuzibandua kwa nguvu. Zaidi ya yote, niziondoe dirishani, kwani rangi iliyomo kwenye diski za kuchoma, yaani za kurekodia, huharibiwa na jua.

Tangu nirudi nimenakili 39 kwenye flashi mbili, moja imekaa kwangu, nyingine kwa mwenyekiti wa kwaya. Yale mazoezi mawili yamo; tuliyasikiliza Jumamosi baada ya zoezi, na watu wa sauti ya tatu walilia. Zimebaki nne, zile zilizokuwa juu kabisa karibu na dirisha. Nilimpigia fundi, akasema nisizilazimishe. Nizilete, atazijaribu kwenye draivu tatu tofauti, kwa maana diski inayokataliwa na moja huweza kusomwa na nyingine. Nakwenda Jumanne kwa treni ya asubuhi, na safari hii nabeba diski tu.