Kibanda umiza cha Mwananyamala: kwa jero moja utajua watu wanaogopa nini

Niseme mapema: kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuoneshea muvi na mechi, si mahali pa kustarehe. Anayetaka kiti cha kuegemea, kiyoyozi na bisi aende Mlimani City, vyote atavikuta. Ninawaandikia wanafunzi wenzangu wa filamu waliopewa kazi ya kutengeneza filamu fupi ya kutisha na kuambiwa kwamba kabla ya kugusa kamera walete ripoti mbili, moja ya kanuni za filamu za aina hiyo na nyingine ya watazamaji wake. Ya kwanza unaweza kuiandika umelala kitandani. Ya pili wengi wetu tunaipika. Tunatupa maswali matano kwenye grupu la WhatsApp la darasa, wenzetu wanajibu "naogopa sana giza", tunachora duara la rangirangi, tunakabidhi. Maksi zinakuja. Siku filamu inaoneshwa, hakuna anayeshtuka.

Kibanda ninachokisifia (na kukilalamikia, subiri) kipo kwenye uchochoro nyuma ya soko. Jina hakina. Mlangoni kuna ubao wa chaki tu: KUTISHA saa nane, NGUMI saa kumi, usiku MECHI. Kiingilio cha mchana ni jero (shilingi 500), siku ya mechi kubwa buku (shilingi elfu moja). Ndani ni kuta za mabati, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, na pazia zito jeusi linalozuia mwanga pamoja na hewa. Feni zipo mbili, inayozunguka ni moja. Runinga ni bapa, kubwa ya kutosha, ina mstari wa kijani pembeni ambao ukishakolea hadithi huuoni tena. Mali yao hasa ni sabufa. Wameiweka chini ya benchi la mbele, na kishindo kikilia unakisikia kwenye mbao ulizokalia.

Muvi nyingi zimetafsiriwa, yaani DJ kaweka sauti yake juu ya waigizaji na anakusimulia kila kitu kwa Kiswahili cha mtaani. Jambo hili si geni: wakubwa wetu wanamkumbuka Lufufu enzi za kanda za VHS, Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana maVJ wao. Mwalimu wetu hawapendi kabisa. Anasema wanaua ukimya, na filamu ya kutisha inaishi kwa ukimya.

Kaa pale uone. Binti anashuka ngazi kwenda chumba cha chini, balbu inapepesa. Kwenye filamu yenyewe hakuna kitu mpaka mlango ufunguke kwa kishindo. Lakini DJ keshasema: "Dada, rudi! Mwenzio yupo nyuma ya friji na panga lake!" Kuanzia hapo banda zima linamshauri. Kuna anayemwambia avue viatu, kuna anayemtukana kwa upendo, kuna mtoto aliyejifunika fulana usoni. Alfred Hitchcock, bingwa wa filamu za wasiwasi, alimweleza mwongozaji mwenzake Truffaut jambo hilohilo katika mazungumzo yao ya mwaka 1962: bomu likilipuka chini ya meza bila mtazamaji kujua, unampa mshtuko wa sekunde 15, akijua lipo, unampa wasiwasi wa dakika 15. Darasani tulilinakili kwenye madaftari. Pale bandani DJ analifanya kila mchana, na kiingilio chake ni shilingi 500.

Kanuni ambayo banda linaikataa kabisa ni ya upweke. Vitabu vinasema: watoe watu mjini, wapeleke kwenye nyumba ya msituni, kata mawasiliano. Sawa kwa Marekani. Hapa, kila nyumba ya msituni inapotokea, swali ni moja: "Majirani wako wapi?" Watu hawa wanaishi kwenye vyumba vya kupanga, ukikohoa, wa chumba cha tatu anakwambia pole. Kwao mtu aliye peke yake ndani ya nyumba ya vyumba tisa haogopeshi, anashangaza. Kinachowanyamazisha ni jirani. Pakiwekwa muvi ya Kibongo, mama mkwe akiingia na sahani iliyofunikwa kawa, kujisogezasogeza kwenye mabenchi kunakoma. Hakuna damu, hakuna giza, ni saa sita mchana ndani ya hadithi, na mtu nyuma yangu anasema taratibu, "Usile, mwanangu, usile."

Na miguu. Akitokea mwanamke mrembo asiyejulikana, kwenye basi, ufukweni, kwenye harusi, vijana wanapiga kelele: "Kamera shusha! Tuone miguu!" Kila mtu aliyelelewa Pwani anajua jini mzuri ana kwato. Niliandika kwenye daftari kwamba kwa watazamaji hawa fremu inayokata mtu magotini tayari ni tishio, hata kama mwongozaji hakukusudia. Jambo hilo nisingelipata kwenye grupu la WhatsApp.

Sasa huduma ambayo wengi hawaijui: banda linakodishwa. Asubuhi, kabla ya ratiba, mwenyewe anakupa saa mbili kwa bei ya maelewano, na ukilipia viingilio vya watoto wa mtaani, samahani, vya vijana wa mtaani, banda linajaa. Nilikodi. Kwa kuwa sikutaka kuonesha filamu ya wizi (zilizobaki kwenye ratiba ile sizisemei), nilipeleka kwenye flashi Night of the Living Dead, filamu ya George Romero ya mwaka 1968. Hiyo Marekani ni mali ya umma: jina lilipobadilishwa kabla ya kutoka, wasambazaji waliacha kuweka tangazo la hakimiliki, na sheria ya wakati ule haikusamehe. Ilitengenezwa Pennsylvania kwa kama dola 114,000, watu wachache, nyumba moja. Kwa mwanafunzi asiye na bajeti ni shule tosha.

Haina rangi, na malalamiko yakaanza hapohapo. "Dada, runinga imekufa?" Haijatafsiriwa pia, kwa hiyo kijana mmoja mwenye sauti ya konda akajitolea kutafsiri, na Kiingereza chake kilipoishia alitunga. Wale wafu wanaotembea banda liliwaita misukule bila kuuliza mtu. Halafu likaja swali ambalo ndilo lililolipia pesa yangu yote: "Misukule ya nani?"

Filamu haijibu. Redio na runinga za mle ndani zinakisia habari za mionzi ya chombo kilichotoka Zuhura, na basi. Kwa Romero wafu hawana bwana, wametoka tu, na hilo ndilo linalotakiwa kutisha. Bandani halikutisha, liliudhi. Msukule tunayemjua sisi kafichwa na mtu, analimishwa shamba la mtu, na huyo mtu kwa kawaida ulikula naye pilau kwenye matanga. Ukiondoa aliyemchukua, umeondoa hofu. Yule mtafsiri aliliona hilo mapema kuliko mimi: katikati ya filamu akaamua kwamba mchawi ni yule mzee mwenye upara anayejifungia chini na mkewe na mtoto, akawa anamwonesha kidole kila akitokea. Kuanzia hapo hakuna aliyelalamikia rangi.

Mwisho wa filamu, kwa wasioiona, rukeni mpaka aya inayofuata. Ben, mweusi pekee mle ndani, aliyechezwa na Duane Jones, anamaliza usiku mzima akiwa hai, asubuhi anapigwa risasi na kundi la waokoaji. Tangu mwanzo vijana walikuwa wakicheza kamari kwamba atakuwa wa kwanza kufa, kwa sababu muvi za Wamarekani zimewazoesha hivyo. Walipomwona amevuka usiku walishangilia. Risasi ilipolia, alisimama mtu wa makamo ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie, akauliza, "Sasa hao nao wametumwa na nani?" Akatoka. Ripoti yangu ya watazamaji nimeianza na swali lake.

Malalamiko, kama nilivyoahidi. Kwanza, wanawake. Mchana wa kawaida nilikuwa mimi na dada muuza karanga, naye huingia kuuza. Ukitegemea banda peke yake utaandika kwamba watazamaji wa filamu za kutisha ni wavulana, na utakuwa umekosea nusu ya mji. Wanawake wanaziona saluni na nyumbani, chaneli ya Sinema Zetu ikiwa imewashwa kutwa. Nendeni saluni pia, mkasukwe huku mnasikiliza. Ni ghali kuliko jero ila utatoka na nywele.

Pili, watoto. Saa nane ya Jumanne, mtoto mwenye sare ya shule ya msingi hana kazi ya kuangalia mtu akikatwa shingo. Nilimwambia mwenye banda. Akanijibu, "Mwanangu, nikiwafukuza wanachungulia kwenye tundu la bati, wanaumia macho." Jibu zuri, lakini si jibu.

Tatu, simu. Hairuhusiwi kurekodi, hata sauti tu, hata ukisema ni ya chuo. Ukitoa simu juu, mlinda pazia anakuja kukusimamia. Beba daftari na kalamu, na ujizoeze kuandika gizani. Nne, siku yenye mechi ya Simba au Yanga mapema, ratiba ya chaki haina maana yoyote. KUTISHA inafutwa kwa mkono wa shati na kiingilio hakirudi.

Skripti yangu imebadilika baada ya hapo. Nyumba ya Pugu yenye miti imetoka, imeingia nyumba ya kupanga ya vyumba sita na choo kimoja, ambayo ni rahisi zaidi kuipata na hainidai nauli ya timu nzima. Mgeni mrembo sitamwonesha chini ya magoti hata mara moja, na miguu yake itakuwa ya kawaida kabisa. Mwenye kwato ni mwingine.

Nyota nne kati ya tano kwa utafiti, moja kwa mgongo wako. Ukienda kuangalia tu, kaa benchi la pembeni linaloegemea bati, hapo unaona skrini na nyuso za watu kwa pamoja. Ukitaka kukodi, nenda kama saa tatu asubuhi mwenyewe akiwa anafagia. Shikamoo kwanza, habari ya mechi ya jana ifuate, bei mwishoni. Na flashi yako iwe na nakala ya pili nyumbani, kwa sababu ile mashine yao ya kuchezea ina virusi vya tangu enzi hizo.