Kununua fonti changamfu: chaguo tano, kuanzia bora hadi ya kuepukwa

Anayefungua chekechea, saluni ya watoto au kibanda cha maandazi jijini Nairobi kwa kawaida hutaka herufi zenye uchangamfu: nono, za mviringo, au zinazofanana na mwandiko wa mkono. Kabla ya kuulizia bei, inafaa aandike kwa fonti hiyo maneno yaleyale yatakayokaa kwenye bango lake, kwa kuwa sampuli za wauzaji wengi huandikwa kwa Kiingereza na hazionyeshi mahali fonti inaposhindwa na maneno yetu.

Kiswahili kimejaa herufi a. Katika fonti nyingi za kitoto herufi hiyo huchorwa kama duara lenye kijiti upande wa kulia, na kijiti kikiwa kifupi, abiria aliye ndani ya matatu inayopita husoma o. Neno maandazi lina a tatu, mbili zikiwa zimefuatana. Fonti ya mwandiko iliyotengenezwa kwa uangalifu huwa na maumbo mbadala ili a hizo mbili zisifanane kabisa, ilhali ile ya kulipualipua huzirudia kama muhuri, na papo hapo msomaji hung'amua kwamba si mkono wa mtu. Andika pia ng'ombe: katika fonti nene kupita kiasi, kile kikato cha ng' huwa kikubwa hata kikaligawa neno mara mbili. Kisha andika jina kama Mũmbi. Fonti isipokuwa na ũ, programu huikopa kutoka fonti nyingine bila kukuarifu, ukajikuta na herufi moja iliyokonda katikati ya wenzake wanene.

Kwa vipimo hivyo, nafasi ya kwanza naipa fonti huria, hasa Baloo 2 iliyobuniwa na Ek Type ya India na inayopatikana bila malipo katika Google Fonts. Ina viwango vitano vya unene, hivyo jina la duka na orodha ya bei vinaweza kutoka katika familia moja, na ĩ na ũ zimo. Leseni yake, SIL Open Font License, inaruhusu kazi za biashara, iwe bango, fulana au tovuti; inachokataza ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Fredoka inaifuata kwa karibu, nayo inapendeza kwenye stika na nembo, ingawa inachosha macho katika aya ndefu. Kwa shule ningechagua Comic Neue, ambayo Craig Rozynski aliitoa mwaka 2014 ili kuinyoosha Comic Sans, kazi ya Vincent Connare ya mwaka 1994. (Wanaoicheka Comic Sans ni wengi, lakini British Dyslexia Association, shirika la Uingereza linalowasaidia wenye ugumu wa kusoma, huitaja miongoni mwa fonti zinazosomeka kwa urahisi, na mwalimu ana sababu ya kusikiliza kauli hiyo kuliko vicheko.)

Nafasi ya pili, na hapa najua baadhi ya wabunifu watanipinga, ni kumlipa msanii anayepamba matatu akuchoree jina la biashara. Hakuna jirani atakayekuwa na herufi kama zako, na kikato cha ng' kitachorwa kwa kipimo cha jina lenyewe. Kasoro ni kwamba unapata herufi za jina hilo tu. Ukitaka neno jipya, unarudi kwake na kulipa tena. Dai faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupoteza ukali, badala ya picha ya simu, na mwandikiane nani atamiliki mchoro kabla hujatoa malipo ya kwanza.

Leseni ya kulipiwa kutoka masoko kama MyFonts inashika nafasi ya tatu. Ubora mara nyingi ni wa juu, lakini matumizi ya kompyuta, tovuti na programu ya simu kwa kawaida huuzwa kila moja kivyake, na duka dogo huishia kulipia haki lisizozihitaji. Bei huwa za dola. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022. Kwa bidhaa inayokwenda kwenye rafu za supamaketi, gharama hiyo ina maana.

Vifurushi vya mamia ya fonti kwa bei ya kutupa ni vya nne: utatumia mbili.

Za mwisho ni zile za bure kwa matumizi binafsi pekee, pamoja na zinazosambazwa kwa flashi. Haziruhusiwi katika biashara, na baadhi ni matoleo ya majaribio yasiyo na tarakimu, kwa hiyo hata bei ya chai huwezi kuiandika.

Ukishachagua, itumie kwenye jina tu na uyaachie maelezo mengine fonti tulivu. Fonti za kuunganisha herufi, kama Pacifico na Lobster, zisiandikwe kwa herufi kubwa zote, kwa sababu hazisomeki. Kabla ya kumpelekea mchapishaji faili, geuza maandishi yawe michoro, la sivyo kompyuta yake itaweka fonti iliyo nayo. Ubaki na nakala inayoweza kuhaririwa. Mwisho, chapisha jina kwenye karatasi ya A4, libandike ukutani, vuka barabara, kisha mwombe mtu asiyelijua alisome kabla hujalipia bango.